Mayai ya chura yanaishi majini, ya kuku yamekufa kwenye beseni: kwa nini?

SWALI: "Nafuga kuku wa kienyeji hapa Kibaha na nina mashine ndogo ya kutotolesha mayai 60. Juzi, mayai yakiwa na siku ya kumi na mbili, mwanangu wa darasa la sita alitoa kumi akayaweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, eti yasikauke. Shuleni wamefundishwa kwamba viumbe walianzia majini, na nyuma ya nyumba kuna dimbwi ambako aliona mayai ya chura yakigeuka viluwiluwi, basi akaona maji ndiyo yanayofaa. Yalikaa humo tangu asubuhi hadi niliporudi kutoka sokoni mchana. Yote kumi yamekufa. Mfuniko wa mashine nao aliuacha wazi kama saa nzima mpaka dada yake akaja kuufunga. Mtoto analia mpaka leo, na anauliza kosa lake ni nini hasa, kwa sababu ya chura yanakaa majini na hayafi. Mimi nilimwambia kwamba gamba gumu ndilo lililowatoa wanyama majini wakaweza kuishi nchi kavu, lakini jirani yangu mwalimu amenibishia. Nani yuko sahihi? Nimweleze nini mtoto? Na hayo 50 yaliyobaki yana matumaini? Mengine yana uchafu, niyaoshe?"

JIBU:

Mama, pole sana. Mayai kumi kati ya sitini si hasara ndogo kwa mtu anayefugia nyumbani. Nimejitahidi kukujibu upesi kwa sababu mashine haisubiri, na mambo ya mashine nitayafikia. Lakini nianze na mtoto, maana swali lake limenigusa.

Mwambie kwamba alifikiri vizuri. Nimefundisha elimu ya wanyama miaka mingi, na wanafunzi wanaofika peke yao mahali alipofika yeye ni wachache. Aliona kwamba mtoto wa mnyama hawezi kukua pakavu, na hilo ni kweli kwa chura, kwa kuku, kwa kasa na kwa binadamu. Alikosea hatua ya mwisho tu: aliyatafuta maji nje ya yai, kumbe ya kuku yamo ndani. Robo tatu ya kilichomo ndani ya yai la kuku ni maji. Kifaranga tayari alikuwa na dimbwi lake. Alichokuwa akikihitaji kutoka nje ni hewa, na beseni ndilo lililomnyima.

Hili halihitaji maabara. Chemsha yai moja la kawaida, umwite jikoni. Mkilimenya taratibu mtaona chini ya gamba kuna ngozi nyembamba nyeupe, ile inayong'ang'ania ute na kuuchuna ukiwa na haraka. Kwa kweli ni ngozi mbili zilizolaliana. Upande butu wa yai zinaachana, na kati yake pana chumba kidogo cha hewa. Ndiyo sababu yai la kuchemsha huwa na kibonyeo upande mmoja. Gamba lenyewe, ambalo kwa macho linaonekana limeziba kabisa kama kigae, lina vitundu vidogo mno, kama 10,000 kwa yai moja la kuku. Kupitia hivyo, yai la gramu 60 likiwa linaatamiwa huvuta ndani takriban lita 6 za oksijeni katika siku 21, na hutoa nje kama lita 4.5 za kaboni dioksidi. Lita sita! Jaza chupa sita za lita moja uzipange mezani, mtoto aone ni kiasi gani cha oksijeni kinachopenya kwenye kitu kinachoenea kiganjani.

Wakati huo mapafu ya kifaranga hayajaanza kazi. Kinachopumua ni utando wenye mishipa ya damu, unaoota kutoka tumboni mwa kifaranga mwenyewe na kutandaa chini ya gamba kama mizizi inavyotandaa chini ya mkeka. Kufikia siku ya kumi na mbili, siku ile ile ya beseni, utando huo umekwisha kuuzunguka karibu ukuta wote wa ndani. Mwanao alipoyatumbukiza mayai, maji yakaziba vitundu. Oksijeni husambaa ndani ya maji polepole karibu mara 10,000 kuliko inavyosambaa hewani. Kwa hiyo vifaranga hawakufa kwa baridi, wala si kwa kunywa maji. Walikosa pumzi, kama mtu aliyezibwa pua na mdomo.

Sasa yale ya dimbwini. Yai la chura halina gamba, wala halina utando wa kupumulia. Ni tone jeusi, mara nyingi kama punje ya ulezi, lililozungukwa na utelezi. Oksijeni iliyo ndani ya maji inajipenyeza polepole kupita kwenye utelezi huo, na inafika kwa sababu njia ni fupi: yai ni dogo. Ungelikuza yai hilo hivyo hivyo lilivyo likafikia ukubwa wa yai la kuku, katikati pangekosa hewa na mtoto angefia humo. Ndiyo maana chura wa kawaida hana budi kumfungashia mwanawe chakula kidogo tu. Mtoto anatoka mapema, bado hajakamilika, ana mkia na hana miguu, akajitafutie mwenyewe dimbwini. Na dimbwi linamfanyia karibu kila kitu. Linamlowesha, linamletea oksijeni, linambeba asikandamizwe na uzito wake, na linamwondolea uchafu.

Naomba tukae kidogo kwenye huo uchafu, maana ndio watu wanaousahau. Kila mnyama anayekua hutoa takataka ya mwilini, hata aliye ndani ya yai. Kiluwiluwi huitoa kama amonia, ambayo ni sumu, lakini inayeyuka na kupotelea kwenye maji mengi yanayomzunguka. Kifaranga akifanya hivyo ndani ya yai lililofungwa, atajitia sumu mwenyewe kabla wiki hazijaisha. Njia anayotumia ni kuigeuza sehemu kubwa ya takataka hiyo iwe asidi ya yuriki, kitu kinachoganda kama chokaa laini na kisichoyeyuka kirahisi, kisha anakihifadhi kwenye kifuko cha pembeni. Wewe unaijua sana asidi hiyo, mama. Ni ile sehemu nyeupe kwenye kinyesi cha kuku unayoifagia bandani kila asubuhi.

Kwa hiyo yai linaloweza kukaa nchi kavu lilikuwa na mambo mengi ya kutatua kwa pamoja: kutunza maji, kupitisha hewa, kuweka uchafu mahali pasipodhuru, na kumkinga mtoto asigandamane na kuta. Majibu yote hayo yamo kwenye tando laini za ndani. Utando wa kwanza, amnioni, unamzunguka mtoto na kumweka ndani ya maji safi. Wa pili, korioni, unazungushia kila kitu kwa nje. Wa tatu, alantoisi, ndio kile kifuko cha uchafu, na ndio unaoungana na korioni ukawa pafu la muda. Pamoja navyo kuna kifuko cha kiini, ghala la chakula.

Amnioni si kitu kigeni kwetu. Wakunga wana jina lake tangu zamani: chupa. Mjamzito anaposema chupa imepasuka, anasema habari za utando huu huu uliomo ndani ya yai la kuku, na maji yanayotoka ni ya aina ile ile ambayo kifaranga anaogelea ndani yake. Korioni na alantoisi kwa binadamu zimeingia katika kujenga kondo la nyuma, na mishipa ya damu ya kitovu ni mishipa ya alantoisi. Sisi hatutagi, lakini vifaa vya yai tumebaki navyo vyote. Hata kifuko cha kiini mtoto wa binadamu anacho wiki za mwanzo, ingawa hakina kiini cha maana. Australia na New Guinea wapo hadi leo mamalia wanaonyonyesha na bado wanataga: platipasi na ekidna.

Hapo ndipo jirani yako anapopata haki ya kukubishia kuhusu gamba. Gamba hutengenezwa na mama. Yai la kuku hukaa karibu saa 20 kwenye sehemu ya mfuko wa uzazi inayolipaka chokaa, na wakati huo mtoto ni chembechembe tu juu ya kiini. Tando zinatengenezwa na mtoto mwenyewe, kutokana na mwili wake, siku za mwanzo za kuatamiwa. Ukiliondoa gamba gumu bado unapata wanyama wengi wanaozaliana vizuri nchi kavu: mayai ya nyoka na ya mijusi wengi yana ngozi laini kama ya begi la zamani, na hayo ya kasa ukiyabonyeza yanaingia ndani kama mpira uliopungua upepo. Ukiziondoa tando, hakuna kinachobaki. Mwaka 2020 watafiti walionyesha kwamba hata baadhi ya dinosaria walitaga mayai laini, na kwamba gamba gumu lilijitokeza zaidi ya mara moja katika koo mbalimbali, baadaye sana. Gamba ni zuri. Linazuia wadudu, linabeba uzito wa mama anayeatamia, na kifaranga analila polepole kupata chokaa ya mifupa yake. Lakini lilikuja mlango ukiwa umekwisha kufunguliwa.

Kuna jambo jingine ambalo ninyi nyote wawili, wewe na mwalimu, naomba mlirekebishe. Si kweli kwamba wanyama walikuwa wamekwama majini mpaka yai hili likaja kuwatoa. Jamaa za jongoo na nge walikuwa nchi kavu zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Kwa upande wa wanyama wenye uti wa mgongo, kuna kiumbe anayeitwa Tiktaalik, ambaye visukuku vyake, yaani mabaki yaliyogeuka mawe, vilipatikana mwaka 2004 kwenye kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada. Alikuwa na magamba na mapezi ya samaki, lakini shingo inayogeuka na mifupa ya bega na kiwiko ndani ya pezi. Aliishi miaka kama milioni 375 iliyopita. Waliomfuata walikuwa na miguu na vidole. Walitembea, walikula nchi kavu, lakini kila msimu wa kuzaa iliwabidi warudi majini, kama chura wako wa nyuma ya nyumba.

Yai jipya liliwakatia kamba hiyo. Mahali ambapo mama angeweza kulala usiku, sasa angeweza na kutaga. Wanyama wakaweza kuondoka kandokando ya mito na mabwawa wakaingia bara, kwenye vilima na kwenye nchi za ukame. Na kwa kuwa pafu la ndani ya yai liliruhusu yai kuwa kubwa, mama aliweza kuweka kiini kingi, na mtoto akakaa humo hadi akamilike. Hatua ya kiluwiluwi ikafutika. Kifaranga wako anapotoka siku ya 21 anatembea, anadonoa na anamfuata mama yake. Mbuni yeye anaweka yai la zaidi ya kilo moja. Jambo moja lilibidi litangulie, nalo ni kupandana: dume na jike wa chura humwaga mbegu na mayai nje majini, lakini yai litakalofungwa kwa gamba ni lazima lirutubishwe mwilini kabla halijafungwa.

Nani alikuwa wa kwanza? Kule Joggins, Nova Scotia, Kanada, kuna majabali ya pwani yenye visiki vya miti ya kale iliyosimama wima ndani ya mwamba. Miti hiyo ilioza ndani ikabaki mitungi mitupu, na wanyama wadogo wakaingia humo, wakafa, wakahifadhiwa. Humo John William Dawson alipata mifupa ya mnyama kama mjusi, wa kama sentimita 20, akampa jina Hylonomus mwaka 1860. Ana umri wa zaidi ya miaka milioni 310, na kwa muda mrefu ndiye aliyetajwa kuwa wa kwanza kujulikana katika ukoo huu wa wenye amnioni. Mwaka 2025 zikatangazwa nyayo zenye alama za kucha kutoka jimbo la Victoria, Australia, za miaka kama milioni 355, na waliozichunguza wanaona ukoo huo ni mkongwe kuliko tulivyodhani. Kucha ni jambo la maana hapo, kwa sababu ni alama ya ukoo huu. Vyura kwa kawaida hawana.

Ila mtoto makini atauliza: yai lenyewe la Hylonomus liko wapi? Halipo. Yai laini huoza. Kutoka Uruguay na Brazili kuna vitoto vya mesosaria, reptilia wa kale wa majini, ambavyo bado havijazaliwa, vya miaka kama milioni 280, na havina gamba. Mayai halisi ya zamani sana yaliyo karibu nasi yalipatikana mwaka 1976 na James Kitching huko Golden Gate, Afrika Kusini: mayai ya dinosaria Massospondylus ya miaka kama milioni 190, yakiwa na vitoto ndani. Kati ya hayo na Hylonomus kuna pengo kubwa mno. Tunajuaje basi? Kwa njia ile ile unayotumia kujua kwamba babu fulani alikuwa na pengo la meno ya mbele, ukiona wajukuu wote wa matawi yote wanalo. Mjusi, kobe, mamba, kuku, ng'ombe na mimi na wewe tuna tando zile zile tatu, zinaota kwa utaratibu ule ule, kutoka sehemu zile zile za mwili. Hatukuzipata kila mmoja kivyake.

Jinsi lilivyoanza bado wataalamu wanabishana, na nitakupa pande zote mbili. Alfred Romer, mtaalamu wa visukuku wa Marekani, alisema katikati ya karne iliyopita kwamba yai lilitangulia kupanda nchi kavu na mwenyewe akafuata: wanyama waliokuwa bado wakiishi majini walianza kutaga kwenye unyevunyevu wa kando ili kuwakwepa walaji wa mayai. Wengine, hasa kwa utafiti uliotoka 2023, wanaona wa kwanza walikaa na watoto mwilini muda mrefu, pengine wakawazaa wakiwa hai, na tando zilianza kama msaada wa kumlisha na kumpumulisha mtoto tumboni. Mimi binafsi wazo la Romer limenivutia tangu ujana wangu, kwa sababu ukitazama vyura wetu wa leo utaona njia hiyo inajaribiwa mbele ya macho. Kuna vyura wa miti huku Afrika Mashariki wanaopiga povu kwa miguu ya nyuma, kama mtu anayekoroga ute wa yai, wakalitundika kwenye tawi juu ya bwawa na kutaga humo. Povu linakauka nje, ndani linabaki na unyevu, na viluwiluwi wanadondoka majini baada ya siku chache. Lakini hapo hapo yupo chura wa Kihansi wa milima ya Udzungwa, yule aliyegunduliwa 1996 kwenye manyunyu ya maporomoko na kutangazwa kutoweka porini 2009, huku wengine wakizalishwa Marekani hadi wakarudishwa nyumbani. Yeye hatagi kabisa. Anazaa vyura vidogo vilivyokamilika, vinatoka na miguu. Kwa hiyo njia ya pili nayo ipo, hai, Tanzania. Siwezi kukuambia ipi ndiyo ilikuwa ya kwanza miaka milioni 350 iliyopita, na anayekuambia kwa uhakika amekwenda mbele ya ushahidi.

Mwanao asije akadhani vyura ni wanyama walioshindwa. Wameishi hadi leo, wapo maelfu ya aina. Walichagua njia nyingine, kama naweza kusema "walichagua", kwa sababu hakuna mnyama aliyekaa akapanga. Kila kizazi mayai yaliyovumilia kidogo zaidi yaliacha watoto wengi zaidi, basi.

Kuna mnyama mmoja anayeonyesha vizuri kuliko vitabu vyote kwamba yai hili likishakuwa la nchi kavu halirudi majini. Usiku mmoja Mafia nilikaa kimya nyuma ya kasa aliyekuwa akitaga. Alichimba kwa mapezi ya nyuma, moja baada ya jingine, akiyakunja kama mtu anayechota unga kwa kiganja, akimwaga mchanga pembeni bila kugeuka kuutazama. Mayai yakaanza kudondoka mawili mawili, meupe, yameloa, zaidi ya mia. Huyu ukoo wake umeishi baharini zaidi ya miaka milioni 100. Anakula baharini, analala baharini, anapandana baharini. Lakini yai lake likifunikwa na maji muda mrefu linakufa kwa sababu ile ile iliyoua mayai ya beseni, ndiyo maana walinzi wa fukwe huvihamisha viota vilivyochimbwa chini ya mstari wa maji kujaa. Waliotaka kubaki baharini moja kwa moja, kama wale reptilia wa kale wenye umbo la pomboo waitwao ikthiosaria, iliwabidi waache kutaga na waanze kuzaa. Kwa wasomaji wa pwani: ukikuta kiota cha kasa usikifukue hata kwa nia njema. Mayai hayo yanalindwa na sheria, na kuyageuza ovyo kunayaua. Mwite afisa uvuvi au watu wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa fukwe, wa kijiji chenu.

Turudi Kibaha, kwenye mashine. Saa moja ya mfuniko wazi, kwa joto la Pwani, mara nyingi haiui mayai ya siku 12. Kuku mwenyewe huliacha kiota kila siku kwenda kula. Hesabu ya hayo 50 ina matumaini mazuri, lakini usikisie, yamulike. Subiri usiku, zima taa, weka tochi ya simu kwenye upande butu wa yai. Lililo hai linaonyesha mishipa myekundu iliyotawanyika na kivuli kinachocheza; chumba cha hewa kiko wazi upande wa juu. Lililokufa lina doa au wingu la giza linaloyumba bila mishipa, au mduara wa damu. Hayo yatoe siku hiyo hiyo. Yai viza likipasuka ndani ya mashine litachafua mengine yote. Na yale kumi ya beseni usiyapike wala usiwape kuku wengine, yafukie.

Kuosha, hapana. Juu ya gamba kuna utando mwembamba unaozuia vijidudu visipite kwenye vitundu, na maji yanauondoa. Maji ya baridi ni mabaya zaidi: yaliyomo ndani yanasinyaa na kuvuta uchafu kuingia. Kama lina doa kavu na liko hai, liache kama lilivyo. Ukiligusa unaweza kufanya madhara makubwa kuliko doa lenyewe. Kama limelowa kinyesi au linanuka, litoe hata kama inauma. Safari ijayo chagua mayai safi kabla ya kuyaweka, na kwangua doa kavu kwa kitu laini kikavu.

Na hapa nikuambie jambo ambalo mwanao atalipenda, kwa sababu linakwenda kinyume kabisa na wazo lake. Yai lazima likauke kidogo. Likianza na gramu 60, linapaswa kupoteza kama gramu 7 au 8 za maji hadi kutotoa, ili chumba cha hewa kipanuke na kifaranga apate pa kuvuta pumzi ya kwanza kabla ya kuvunja gamba. Unyevu ukizidi, kifaranga hukutwa amevimba maji, amekufa akiwa amekamilika. Weka unyevu kama asilimia 50 hadi 55 mpaka siku ya 18, kisha upandishe hadi 65 au 70 siku tatu za mwisho, ili ngozi za ndani zisikauke na kumbana wakati wa kutoka. Usijaribu mayai kwa kuyaelesha kwenye maji, kama baadhi ya wafugaji wanavyofanya. Gamba likishakuwa na ufa mdogo usioonekana, umemzamisha.

Kama baada ya kumulika utakuta zaidi ya nusu yamekufa, au yanakufa siku zile zile kila unapototolesha, au vifaranga wanatoka dhaifu, wana vitovu vibichi au wanaharisha, barua haitoshi. Mwite afisa mifugo wa kata aje aione mashine, na mpelekee mayai mawili matatu yaliyokufa karibuni ili daktari wa mifugo ayapasue na kuangalia. Kipimajoto kilichokosea nyuzi moja kinaweza kukuletea hasara ya msimu mzima, na hilo mimi siwezi kuliona kutoka huku.

Mtoto usimtoe kwenye kazi ya mashine. Mpe kazi ya kumulika mayai na kuandika kwenye daftari, yai kwa yai, namba kwa penseli juu ya gamba. Siku ya 21 vifaranga wakishatoka na kukauka, mwambie asiyatupe makaka kabla hajayatazama kwa ndani. Ataona mishipa ya damu iliyokauka imejichora kwenye ngozi nyeupe kama mito kwenye ramani, na kwenye kona moja kidonge kidogo cha kitu cheupe. Mishipa ile ndiyo iliyokuwa pafu. Kidonge kile ndicho uchafu aliouweka pembeni siku zote zile.